Alama za Imakulata

Katesh nzima ilijua chuo kimefungiwa kabla wanafunzi wenyewe hawajajua. Habari zilianzia kwa Mama Farida, na zingeanzia wapi tena, maana supu ya Mama Farida inanywewa na madereva wa bodaboda, makarani wa halmashauri, wanunuzi wa ng'ombe na kila mwenye mdomo unaofanya kazi. Wa kwanza alisema amekuta kufuli getini na karatasi yenye muhuri. Wa pili akasema si kufuli, ni askari. Wa tatu, bakuli lake hata nusu halijafika, akaapa kwamba mkuu wa chuo ameonekana njia ya Singida ameketi juu ya magodoro ya bweni. Basi Kornelia alipotoka chumbani kwake uani, koti jeupe limekunjwa mkononi, watu kama kumi na tano walinyamaza kwa pamoja, wakamtazama vile anavyotazamwa mfiwa ambaye bado hajaambiwa.

"Kaa kwanza, Ima," Mama Farida akamwambia. "Kunywa kitu."

"Shikamoo, mama. Nimechelewa kipindi."

"Marahaba. Hujachelewa, mwanangu. Hakuna tena mahali pa kuchelewa."

Aliyesema kufuli ndiye aliyekuwa mkweli. Chuo cha Afya Nuru ya Bonde, cha watu binafsi, kilikuwa na walimu watatu wanaofundisha masomo tisa, na maabara yenye darubini moja ambayo kioo chake kilipasuka mwaka juzi. Wakaguzi walikuja, wakaandika, wakafunga. Karatasi ya getini ilisema wa mwaka wa kwanza warudi nyumbani. Wale waliomaliza mwaka wa pili wa utabibu wanaweza kuhamia chuo kingine chenye nafasi, na alama walizokwisha kupata zitahamia pamoja nao. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

Kornelia alikuwa amemaliza mwaka wa pili. Semista nne, kila somo na krediti zake, na nyuma ya krediti hizo kitabu cha mazoezi chenye jalada la kijani, kilichosainiwa na wauguzi wa wodi tatu: sindano alizochoma, vidonda alivyoshona, watoto kumi na wanne aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe. Zikihamia, anaingia mwaka wa tatu, na mwakani ni tabibu. Zisipohamia, anabaki msichana wa miaka ishirini na mitano anayejua mambo mengi asiyoruhusiwa kuyafanya.

Siku saba ziliishia kumtafuta karani wa chuo, ambaye alikuwa ameondoka na kompyuta ya matokeo. Alipatikana shambani kwao akivuna mbaazi. Alichapa alama zote kwa jenereta ya kanisa, akagonga muhuri akiegemeza karatasi kwenye goti. Jumanne jioni Kornelia akawa amerudi Katesh na bahasha, na kwenye simu yake kulikuwa na orodha kutoka Chuo cha Mama Lea, kule Mbulu, kilichobakiwa na nafasi kumi na mbili. Cheti cha kidato cha nne. Alama za semista zote. Kitabu cha mazoezi. Namba ya kitambulisho cha taifa. Na mstari wa mwisho, ule aliousoma mara tatu: majina yafanane katika nyaraka zote.

Alikwenda kwa Yakubu wa steshenari, mlango wa tatu kutoka kwa Mama Farida, mtu anayetoa kopi, anayejaza fomu na anayejua shida ya kila mtu mjini kwa sababu zote hupita kwenye mashine yake. Yakubu alizipanga karatasi mezani, akazitazama, akainua uso.

"Kornelia Sulle ni nani?"

"Mimi."

"Na Imakulata Basili?"

"Mimi."

Yakubu akavua miwani. "Haya. Nyie wawili kaeni, tuzungumze."

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Kornelia alizaliwa Balangdalalu, akasoma Balangdalalu, na huko huko akafeli darasa la saba. Serikali hairuhusu kurudia, lakini kila mtu anajua namna watu wanavyorudia. Unamtafuta mwalimu mkuu wa shule ya mbali ambaye ana mtoto aliyeacha kuja. Mtoto ameondoka lakini jina limebaki kwenye daftari, na jina tupu ni hasara kwa shule. Basi unakaa pale, unaitika jina lile, unafanya mtihani kwa jina lile, na ukifaulu limekwisha kuwa lako. Mzee Sulle alimpelekea mwalimu mkuu wa Dirma debe mbili za maharage na beberu mmoja, na Januari hiyo Kornelia akaingia darasani akiwa Imakulata Basili. Akafaulu. Sekondari akawa Imakulata, na ada ilipopatikana, miaka mingi baadaye, chuoni akawa Imakulata, na Katesh wote walimwita Ima. Nuru ya Bonde hawakuuliza kitu. Walikuwa na njaa ya wanafunzi. Ila kitambulisho cha taifa kiliandikishwa kijijini, mbele ya mtendaji aliyemjua tangu anatambaa, na mtendaji aliandika Kornelia Sulle bila hata kumuuliza. Mama Farida mwenyewe alikuwa akimsikia mama wa msichana akimwita Kornelia na hakushangaa, maana huku kila mtu ana jina la ubatizo na jina la nyumbani, na wengine wana la tatu la kukwepea watu.

"Hili dogo," Yakubu alisema. "Kiapo cha majina. Unaapa kwa wakili kwamba Kornelia Sulle na Imakulata Basili ni mtu mmoja. Anagonga muhuri, unakwenda zako. Nimeshawapeleka wengi. Mmoja leo ni mwalimu mkuu, akinikuta barabarani anajifanya hanijui."

"Na mwenye jina?"

"Mwenye jina yupi? Si ni wewe umeniambia sasa hivi."

Lingekuwa dogo kweli kama mama yake asingekuwepo. Mama Kornelia alikuwa amefika mchana kutoka Balangdalalu na mfuko wa maharage, kajikalia jikoni kwa Mama Farida akichambua mchele usio wake, kwa kuwa mikono yake haijui kukaa. Aliposikia neno kiapo aliusukuma ungo pembeni.

"Unaapa kwamba mtu aliye hai ni wewe," alisema taratibu. "Ukishaapa, yeye anakuwa nani?"

"Mama, ni karatasi."

"Baba yako, Mungu amrehemu, aliomba jina kwa mwalimu. Kwa mwenye jina hatukukanyaga. Nilimwambia siku ile, akasema nyamaza, mwanamke. Nikanyamaza. Sasa unataka kuongeza kiapo juu yake."

Mama Farida alikuwa akikata vitunguu. "Mama Kornelia, dada yangu, karatasi ya wakili wa Katesh haijui njia ya Balangdalalu."

"Inaijua," mama alisema. "Kiapo kinatembea. Hakimkamati aliyeapa tu. Kinaweza kumwacha huyu, kikangoja watoto wake. Nimeona boma likiisha, mtu baada ya mtu, kwa neno moja lililosemwa juu ya mtu asiyekuwepo. Kwetu hutaji jina la mtu kwenye kiapo kabla hujamwendea na asali akasema sawa. Akikubali, apa hata mara kumi."

Waliokuwa wakingoja chapati za jioni walitoa maoni yao, kila mmoja lake. Muuza ng'ombe mmoja wa Dirma akasema Imakulata wa Basili anamjua, yupo, ameolewa karibu na uwanja wa mnada, siku za mnada anauza chai na mtindi, na ana mdomo kama wembe. Kornelia alikuwa amesoma vidudu na damu semista nne. Angeweza kumcheka mama yake. Hakumcheka. Yeye mwenyewe kwa miaka kumi na miwili, kila alipoitika, alijiona kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho mwenyewe ametoka mara moja tu.

Jumatano asubuhi alipanda bodaboda kwenda Dirma na kibuyu cha asali mapajani.

Alimkuta mwanamke mrefu, mwembamba, ameketi kwenye gunia akipukuchua mahindi, mtoto wa mwaka na nusu amelala mgongoni kwake ndani ya kanga. Mwanamke alitazama viatu vya mgeni kwanza, kisha uso.

"Wewe ni wa chanjo? Huyu ameshamaliza zote, kadi iko ndani."

"Hapana. Mimi ni Kornelia wa Mzee Sulle, wa Balangdalalu. Mimi nilirudia la saba hapa Dirma. Nilirudia kwa..." 

Mikono ya mwanamke iliendelea na mahindi. "Ahaa," alisema baadaye. "Umekuja." Akaweka gunzi chini. "Shikamoo, Imakulata."

Walikuwa rika moja. Kornelia akakiweka kibuyu chini katikati yao.

"Asali ya nini?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, chuo, kufuli, alama, Mbulu, Ijumaa, kiapo, mama. Imakulata alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei.

"Wewe unajua kwa nini niliacha shule?" aliuliza.

"Nilisikia uliolewa."

"Walisema nimeolewa? Nina miaka kumi na mitatu, nimeolewa?" Alicheka kidogo, kwa pua. "Mama aliugua, akarudishwa kwao Tlawi. Hakukuwa na mtu wa kumuuguza. Nikaenda mimi. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza ubavu huu na ubavu huu, Oktoba mpaka Januari. Akafa. Tukazika, nikarudi na madaftari yangu, wiki tatu nimechelewa. Nilifika wakiwa wanaita majina. Nikaona nisiingie nikamkatiza mwalimu, nikasimama dirishani. Akaita Imakulata Basili. Kabla sijafungua mdomo, ndani mtu akaitika, nipo." Alichukua gunzi jingine. "Nilikuona kisogo tu. Ulikuwa na sweta la bluu."

Kornelia alilikumbuka lile sweta.

"Nilimngoja mwalimu mkuu. Akaniambia, mtoto, Imakulata yupo darasani, wewe ni nani? Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa ajili ya msiba."

Mtoto mgongoni akakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo, kama cha paka, lakini baada yake kuna kitu kilichomfanya Kornelia ainue kichwa. Alikuwa amezungumza nusu saa na mtoto akipumua nyuma ya mazungumzo, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kuhesabu bila kumwambia.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Jana. Meno."

"Mshushe. Mlaze hapa mapajani kwako, mfunue kifua. Usimuamshe."

Alitoa simu, akaweka dakika moja, akainama. Imakulata alitaka kusema kitu, akaonyeshwa kiganja anyamaze, akanyamaza. Kifua kilipanda na kushuka. Simu ilipolia Kornelia akasema, "Pumzi hamsini na nane. Si meno. Kwa umri wake arobaini ni nyingi. Hii ni nimonia, lakini mbavu bado hazijaanza kuvutwa ndani, tumewahi. Zahanati wako wazi?"

Walikwenda na ile bodaboda. Muuguzi wa zahanati alihesabu mwenyewe, akapata hamsini na sita, akatoa amoksilini za kuyeyusha kwenye maji, siku tano, asubuhi na jioni. Dozi ya kwanza Kornelia aliinywesha kwa kijiko, mtoto Brightness akaitema nusu kwenye sketi yake, wakarudia. Waliporudi kwenye gunia la mahindi jua lilikuwa limeshahama.

Imakulata alikizibua kibuyu, akachovya kidole, akalamba.

"Lichukue," alisema. "Mimi hapa ni Mama Brightness. Hilo jina naliona siku ya kupiga kura tu. Apa unavyotaka, mwambie mama yako nimesema sawa." Kisha, akimfunga mtoto mgongoni, "Ila Ijumaa nakuja Mbulu."

"Si lazima. Njia ni mbali, na mtoto..."

"Mtoto atabaki na bibi yake mzaa baba. Mtu akikupa mtamba huwa anamsindikiza mpaka zizini, aone anapolala. Na mimi nataka nione limefika wapi."

Hapo ndipo Kornelia alipopaswa kusema hapana. Baadaye watu wengi wa Katesh walimwonyesha mahali hapo hasa, kwa kidole, kama shimo barabarani. Lakini mtu amekupa jina lake, ulishakaa kwenye nafasi yake darasani, na anaomba kusimama nje ya mlango tu. Alisema karibu.

Alhamisi akaapa. Wakili alisoma haraka, Kornelia akarudia haraka, muhuri ukagonga. Mama yake alingoja nje ya ofisi, na alipoonyeshwa karatasi aliigusa pembe kwa kidole kimoja, akarudi Balangdalalu kwa amani. Mama Farida siku hiyo alipika pilau. Hakukuwa na sikukuu. Alisema tu mtu haendi Mbulu kwenye baridi na tumbo la maharage, na nyumba ikajaa, na Yakubu akatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa kutunza nyaraka.

Mbulu ilikuwa na ukungu Ijumaa hiyo. Benchi refu la nje ya ofisi ya msajili wa Chuo cha Mama Lea lilikuwa na watu zaidi ya ishirini, wengi wamevaa kila walichokuwa nacho kwa baridi. Imakulata alikuwa ametangulia kufika. Alikuwa amelala Tlawi, jirani na hapo, kwa mjomba wake, amevaa kitenge kipya na viatu vilivyombana, na mapajani ameshika mkoba mweusi kwa mikono yote miwili.

"Anaendeleaje?" Kornelia aliuliza.

"Jana kabla sijaondoka alicheza na kuku. Nimemwachia bibi dawa, nimemwonyesha kijiko." Akaangalia majengo, madirisha, wasichana wa mwaka wa tatu wakipita na makoti yao meupe. "Kumbe ni pazuri hivi."

Msaidizi alipita akichukua mafaili. Alilifungua la Kornelia palepale, akaona cheti, alama, kitabu cha kijani, kitambulisho, na kiapo juu ya vyote. Alikisoma kiapo, akatikisa kichwa kukubali, akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. "Wewe umekamilika. Ngoja uitwe usaini, upewe barua."  Imakulata akamgonga Kornelia bega kwa bega lake, kama watoto wa shule wanavyofanya.

Msajili alikuwa mtu mzima, Mwalimu Hermani, mwenye sweta la kufumwa na sauti ya mtu aliyefundisha msingi miaka mingi kabla ya kufika hapo. Alitoka, akasimama mlangoni na karatasi yake, akaanza kusoma bila kuangalia watu.

"Alfredi Gwandu."

"Nipo."

"Sylvester Qamara."

"Nipo, mwalimu."

"Imakulata Basili."

"Nipo."

Kornelia alikuwa amefungua mdomo. Sauti ilikuwa imetoka pembeni yake. Imakulata alikuwa amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, macho yanatazama mbele, na mkoba umeanguka chini. Na Kornelia pia, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imezoea miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama.

Msajili akainua macho. Akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Imakulata ni yupi?"

Mtu alicheka kwenye benchi.

"Ni mimi," Kornelia alisema. "Huyu ni dada yangu. Amenisindikiza. Ameniitikia tu."

"Dada," msajili alisema kwa upole, "jina lako nani?"

Imakulata alimtazama Kornelia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.  Na hapa ndipo palipoharibika kabisa, kwa sababu mkoba ulikuwa umefunguka ulipoanguka, na Imakulata, mwanamke wa kijijini ambaye haendi ofisini bila kitambulisho maana hujui wataulizia nini, alikuwa amekiweka juu ya kila kitu. Kilikuwa sakafuni, picha juu, kati ya viatu vyake na vya msajili. Mwalimu Hermani aliinama akakiokota ili ampe. Ndipo akasoma.

Aliwaingiza wote wawili, akafunga mlango. Hakupaza sauti. Aliuliza, Kornelia akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu sweta la bluu alisema habari yote kwa mtu mwenye muhuri. Alipomaliza, msajili aliweka kiapo na kitambulisho kimoja pembeni ya kingine.

"Kiapo hiki nilikuwa nimekwisha kukipokea," alisema. "Nataka ujue hivyo. Kila mwaka napokea kama kumi, sifukunyui, najua watoto wetu walivyosoma. Mtu mmoja mwenye majina mawili naweza kumhamisha. Lakini watu wawili wamesimama mbele ya umati, na kitambulisho nimekishika mwenyewe. Nitawaambia nini baraza la vyuo?"

"Alama ni zangu, mwalimu. Niulize chochote. Niulize hata sasa."

"Sina shaka ni zako. Zimeandikwa Imakulata Basili. Na Imakulata Basili, kwa serikali, ni huyu."

Imakulata alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti. "Mimi nimepata ngapi?" aliuliza.

Msajili alimwangalia aone kama ni dhihaka. Haikuwa dhihaka. "Wastani wa B," alisema.

"B ni nzuri?"

"Ni nzuri sana."

Imakulata aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za mtoto wake aliye mbali.

"Na wewe, Kornelia Sulle," msajili alisema, "una cheti gani kwa jina lako? Chochote. Nitafute pa kukuanzishia, hata mwaka wa kwanza."

"Sina."

"La saba?"

"Kornelia alifeli la saba."

Mwalimu Hermani akalivuta faili upande wake wa meza. Alisema ataandika barua kwa baraza, hana njia nyingine. Hatataja polisi, ila baraza wakitaja, hataweza kuwazuia. Kornelia aliomba arudishiwe kitabu cha kijani tu. Msajili alikigeuza, akaonyesha jina lililoandikwa juu ya jalada kwa mwandiko wa Kornelia mwenyewe, akakirudisha ndani ya faili. Nafasi ya kumi na mbili ilipewa mtu mwingine kabla hawajafika getini. Walisikia jina lake likiitwa.

Katesh waligawanyika. Hata leo ukikaa kwa Mama Farida utawakuta wamegawanyika. Kuna wanaosema Imakulata alikwenda Mbulu na nia yake, amengoja miaka kumi na miwili kama mtu anayengoja ng'ombe wa mwenzake aingie shambani kwake. Kuna wanaosema hapana, ni kiapo, kimefanya kazi yake, na mama mtu alionya. Yakubu anasema kosa ni kwenda Dirma. Watu wa Balangdalalu wana ugonjwa wa kuomba radhi. Mama Farida ana lake, ambalo halisemi mbele ya wateja: kwamba mtu akiitwa jina lake mwalimu akiwa mlangoni ataitika hata akiwa kaburini, na hakuna ubaya ndani yake wala wema.

Kornelia hawajibu. Kuna jambo hakumsimulia mtu. Siku ile, kituoni Mbulu, walikaa saa nzima wakingoja gari, Imakulata amevua viatu, vidole vimevimba. Hakuomba radhi, na Kornelia hakumdai radhi. Watu walipita na vikapu vya vitunguu saumu. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

"Sijui ni nini kilinisimamisha," Imakulata alisema mara moja tu, akitazama vidole vyake. 

Gari la Katesh lilipowasha injini, Imakulata, aliyekuwa akingoja la Dirma, alimshika Kornelia mkono wa koti.

"Yule mtoto. Tangu jana anapumua vizuri. Nimwachishe dawa?"

"Zimebaki siku ngapi?"

"Mbili, ukitoa leo."

"Mpe zote. Hata akicheza. Hata akikimbia." Kornelia alipanda, akakaa dirishani, akashusha kioo. "Na ukiona mbavu zinaingia ndani usingoje asubuhi."

"Zinaingia vipi?"

Akamwonyesha, kwa kiganja chake juu ya kifua chake mwenyewe, namna ngozi ya mtoto inavyozama chini ya mbavu anapovuta pumzi. Imakulata aliweka kiganja kifuani kwake, akaiga. Akaiga tena, aone kama amepatia. Gari likaondoka akiwa bado amesimama pale pekupeku, mkono kifuani.